Uyoga wa Gogo na Madoa ya Jiwe

Sisi watu wa Kibosho tuna maringo, sikatai. Tunaringia migomba yetu, kahawa yetu, kanisa letu la mawe, hata baridi yetu. Lakini ukitaka kumwona Mkibosho akinyanyua shingo kwelikweli, muulize habari za mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji. Wazee wetu waliuchimba kwa majembe ya mkono, wakayatoa maji mtoni kule msituni na kuyapitisha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zetu, bila injinia wala ramani. Jaribu kusema mbele ya baba yangu kwamba ule ni mfereji tu! Utahutubiwa mpaka jioni.

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la sita. Kila siku niliamka alfajiri, nikakata majani ya ng'ombe wetu wawili, nikafagia uwanja, nikanywa uji, kisha nikashuka kwenda shule kwa kijia cha kando ya mfongo. Njiani nilimpitia Primus, ambaye tulikaa naye dawati moja. Primus alikuwa mjukuu wa Mzee Martin, na Mzee Martin ndiye aliyekuwa mzee wa mfongo. Yeye aligawa zamu za maji, nani afungulie Jumatatu na nani Jumanne, na akishasema amesema.

Kijia kile kilipita sehemu mbili ambazo lazima nizieleze. Kwanza kulikuwa na ukuta wa mawe ulioshikilia mfongo kwenye mteremko mkali. Ukuta huo ulijengwa na baba yake Mzee Martin, jiwe juu ya jiwe, bila saruji hata kijiko. Hatua hamsini mbele kulikuwa na korongo, na maji yalilivuka yakipita ndani ya gogo kubwa la mringaringa lililochimbwa katikati. Gogo hilo lilichongwa na babu yangu mzaa baba. Kwa hiyo ukuta ulikuwa wa ukoo wao, na gogo lilikuwa la ukoo wetu.

Mwaka ule maji yalipungua. Yalikuwa yakitoka msituni mengi, lakini yakifika vihamba vya chini ni ya kulowesha nyayo tu. Masika yalikuwa yamekwisha, vuli bado mbali, na migomba ya watu wa chini ilianza kuinamisha majani. Kila mtu alikubali kwamba mfongo ulikuwa unavuja mahali fulani. Ugomvi ulikuwa, mahali gani? Chini ya ukuta na chini ya gogo, kote kulikuwa kumelowa.

"Ni kwenye gogo," walisema watu wa ukoo wa Mzee Martin. "Limezeeka."

"Gogo la baba yangu?" baba yangu alifoka. Jina lake Sirili, na alipofoka hata kuku walikimbia. "Mringaringa ule? Nyinyi tazameni ukuta wenu! Hamuoni madoa yale yanavyotafuna mawe?"

Madoa yalikuwepo kweli. Mawe ya ukuta yalikuwa na madoa makavu yaliyogandia, mengine rangi ya majivu, mengine manjano, mengine kijani kilichopauka. Na gogo letu nalo halikuwa safi. Upande wake wa chini, mahali penye unyevu, uliota uyoga mgumu wa kahawia, uliojitokeza kama nusu sahani. Baba aliupuuza.

"Uyoga ni uyoga," alisema. "Unaota juujuu. Unaukwangua, unautupa, basi."

Mzee Martin alipanga msaragambo, yaani siku ya kazi ya pamoja, ambapo kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake. Ilikuwa Jumamosi moja tu mwezi wa tisa, kwa sababu kahawa ilikuwa inaiva na kila mkono ulihitajika kihambani. Kwa siku moja wangeweza kutengeneza ukuta au gogo, si vyote viwili. Wakikosea, watu wa chini wangekaa bila maji hadi vuli, na migomba yao isingevumilia.

Wakati huohuo, kule shuleni, Mwalimu Eliufoo alitupa kazi. Alikuwa mtu wa Machame, mrefu, mwembamba, anayefundisha sayansi kwa mikono yote miwili hewani.

"Kila mmoja achague viumbe viwili vinavyoonekana kama ndugu," alisema. "Mvichunguze Jumamosi nne mfululizo. Mvipime, mwandike. Daftari moja litakaloshinda litakwenda na mwenyewe Moshi, kwenye maonyesho ya shule."

Moshi! Nilikuwa nimekwenda Moshi mara nyingi kumbebea mama ndizi za sokoni, lakini sikuwahi kwenda kuonyesha kichwa changu. Niliitaka safari ile mpaka nikaiota. Primus alichagua siafu na mchwa. Mimi nilichagua uyoga wa gogo na madoa ya jiwe. Vyote vimegandia, vyote havina majani wala maua, vyote watu huvikwangua kwa kisu wakidhani ni uchafu. Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi ya kwanza nilishuka korongoni na rula yangu. Uyoga mmoja mchanga ulikuwa na milimita ishirini kutoka kwenye gogo hadi ukingoni. Kisha nikaenda ukutani, nikachagua doa moja la rangi ya majivu, nikalipima kwa uzi, nikaulaza uzi kwenye rula. Milimita thelathini na moja. Nikaandika vizuri, nikachora na picha.

Jumamosi ya pili uyoga ulikuwa na milimita ishirini na tisa. Doa, thelathini na moja.

Jumamosi ya tatu Primus alinisindikiza. Uyoga, arobaini na moja. Doa, thelathini na moja. Primus mwenyewe alishika ncha moja ya uzi.

"Halijasogea," alisema.

"Nimeona," nilimjibu kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyelizuia.

Jumamosi ya nne uyoga ulifika hamsini na mbili. Doa lilikuwa palepale. Nililipima mara tatu. Nililitazama, nikalipulizia, nikakaribia kulisihi. Thelathini na moja.

Jioni ile nilikaa na daftari langu jikoni, karibu na moto. Upande wa uyoga ulikuwa mzuri ajabu, tarakimu zikipanda kila wiki. Upande wa doa ulikuwa na thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na moja. Niliona aibu. Mwalimu angesema nilipima mara moja tu, kisha nikalala nyumbani nikinakili. Na isitoshe, kila siku nilikuwa namsikia baba akisema madoa yanatafuna mawe. Kinachotafuna hunenepa, sivyo? Basi nikachukua kifutio. Nikafuta, nikaandika thelathini na moja, thelathini na tatu, thelathini na tano, thelathini na saba. Zilipendeza kuzitazama. Nikalala usingizi mzuri, Mungu anisamehe.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Eliufoo alisimama mbele ya darasa na daftari langu mkononi. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Sikilizeni kazi ya Mektrida," alisema. "Huu uyoga ni jamii ya kuvu. Mnachokiona nje ni tunda lake tu. Mwili wake wenyewe ni nyuzi nyembamba sana zilizojipenyeza ndani ya mti, na mti ndio ugali wake. Haya madoa nayo wataalamu huyaita likeni. Hiki ni kitu cha ajabu. Ni viumbe wawili katika nyumba moja, kuvu na mwani. Kuvu hujenga nyumba na kushika unyevu, mwani hupika chakula kwa mwanga wa jua. Kwa hiyo kuvu wa likeni hahitaji kula mti wala chochote kilichooza. Anaishi juu ya jiwe tupu."

Akakunja uso kidogo.

"Kitabu changu kinasema likeni ya jiwe hukua polepole mno, pengine milimita moja kwa mwaka mzima. Lakini hii ya Mektrida imekua milimita sita ndani ya wiki tatu! Mektrida, ulipima mwenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, mwalimu."

"Basi huenda tumegundua jambo hapa Kibosho ambalo kitabu hakilijui. Daftari hili linakwenda Moshi!"

Darasa lilipiga makofi. Primus hakupiga. Alinitazama tu, kisha akarudi kuangalia daftari lake la siafu na mchwa. Masikio yangu yaliwaka moto, nikajifanya kwamba ni kwa furaha.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Baba alinibeba juu, mimi msichana mkubwa wa miaka kumi na miwili.

"Milimita sita!" alipiga kelele. "Nilisema mimi! Ukuta unaliwa! Mwanangu ameupima kwa rula!"

Jumapili, baada ya misa, watu walikusanyika nje ya kanisa kusikiliza matangazo ya mfongo kama kawaida. Baba alinivuta mkono hadi katikati.

"Soma," aliniambia. "Soma wasikie."

Nikasoma. Sauti yangu ilitetemeka, na watu wakadhani ni adabu. Nilipomaliza, Mzee Martin alinisogelea. Alikuwa mzee mfupi mwenye koti la kijivu, na mkononi alishika kofia yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyepima?"

"Ni mimi, babu."

"Na hilo doa lilikua kila wiki?"

Niliitikia kwa kichwa.

Mzee Martin alilitazama lile daftari. Kisha akawageukia watu. "Mimi sikusoma," alisema. "Wenzangu walipokwenda shule nilikuwa nachunga mbuzi wa baba. Lakini nimewapeleka watoto wangu na wajukuu wangu shule ili watuonyeshe tusichokiona. Kama daftari la shule linasema ukuta wa baba yangu unaliwa, basi hakuna haja ya kugombana. Jumamosi tutaubomoa, tutajenga mwingine kwa saruji. Na maji tutayaongeza kule mtoni, yashuke ya kutosha."

Wa ukoo wake walinung'unika. Yeye aliinua mkono tu, wakanyamaza. Baba alisimama akicheka kwa ushindi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimejiandaa kwa watu wenye ubishi. Sikujiandaa kwa mzee ambaye angeniamini.

Wiki ile chakula kilinishinda. Mama alipika kiburu, ndizi na maharage, chakula ninachokipenda kuliko vyote, nikakigusagusa nikakiacha. Usiku na mchana niliwaza jambo moja. Wakivunja ukuta ulio mzima, na wakaongeza maji, je, gogo litayabeba? Mwalimu alisema mti ndio ugali wa uyoga. Uyoga ulikuwa umekula wiki tatu mbele ya macho yangu, na nani ajuaye ulikula miaka mingapi kabla sijauona.

Ijumaa tukitoka shule Primus alitembea nami hadi tulipofika ukutani. Hapo akasimama.

"Jana jioni babu alikuja hapa peke yake," alisema. "Nilimfuata. Alikuwa anaupapasa huu ukuta kwa mikono. Jiwe moja baada ya jingine."

Nikageuka niendelee na njia.

"Nilikuwepo Jumamosi ya tatu, Mektrida. Nilishika uzi."

"Sasa kwa nini hukusema?" Nilimfokea, na machozi yakanitoka. "Kama unajua, kwa nini hukumwambia babu yako?"

"Nikisema mimi, watasema natetea ukuta wetu," alijibu. "Nani ataniamini? Ni wewe wa kusema."

Akaniacha pale, akaenda zake. Nilimchukia mpaka nilipofika nyumbani, na nilipofika nyumbani nikajua kwamba amesema kweli.

Jumamosi asubuhi watu kama sitini walifika na majembe, nyundo na mitaimbo. Akina mama walileta ndizi na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wafanyakazi. Mwalimu Eliufoo naye alikuja kutazama likeni yetu maarufu kabla haijavunjwa. Baba alikuwa amebeba nyundo kubwa kuliko zote.

"Nipe hiyo, Sirili," Mzee Martin alimwambia. "Ukuta ni wa baba yangu. Nitapiga mimi wa kwanza."

Akavua koti. Akasema maneno machache ya Kichagga, taratibu, akimwomba baba yake asikasirike. Akainua nyundo.

"Babu, subiri!"

Ilikuwa sauti yangu. Nilisukuma watu, nikatokea mbele nikiwa na jani la sale mkononi. Nilikuwa nimelichuma njiani kwenye mpaka wa kihamba chetu. Kwetu jani la sale si jani la mchezo. Ukimkosea mtu na ukamwendea ukiwa umelishika, hawezi kukufukuza kabla hajakusikiliza. Lakini ni watu wazima wanaopelekeana sale, tena kwa makosa mazito. Mtoto kulibeba mbele ya mkutano hakuna aliyewahi kuona.

Nilipiga magoti, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Babu, nimekukosea. Nilidanganya. Doa halikukua. Nililipima Jumamosi zote nne na halikukua hata kidogo. Nilifuta nikaandika uongo, kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilitaka kwenda Moshi. Ukuta wako hauliwi. Nisamehe, babu."

"Mektrida!" baba alinguruma. "Unasema nini wewe mtoto?"

"Nasema kweli, baba."

"Yesu na Maria!" mama mmoja alisema nyuma. Mwalimu Eliufoo alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Martin alishusha nyundo chini polepole, akalipokea lile jani.

"Na gogo?" aliuliza. "Vile vipimo vya uyoga navyo ni vya uongo?"

"Hapana, babu. Vile ni vya kweli. Uyoga ulikua kila wiki, zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa. Na mwalimu alitufundisha kwamba mwili wake umo ndani ya mti. Hata ukiukwangua, bado umo. Babu, uyoga unakula gogo."

"Gogo la baba yangu ni zima!" baba alisema.

"Basi lipime, Sirili," Mzee Martin alimjibu bila kupandisha sauti, akamkabidhi mtaimbo. "Ni lenu. Lipime wewe mwenyewe."

Baba alishuka korongoni kwa hatua za mtu anayekwenda kuwaonyesha watu. Akasimama chini ya gogo, pale penye uyoga, akaukwangua wote kwa kisu ukaanguka. Juu juu mti ulionekana mzuri tu. Baba akatuangalia. Kisha akashika mtaimbo kwa mikono miwili, akausukuma juu.

Mtaimbo ukaingia. Haukugonga, uliingia tu, kama kijiti kwenye ndizi iliyopikwa. Baba alipouchomoa, unga wa kahawia uliolowa ulimmwagikia usoni, kisha maji yakafuata, yakamlowesha kuanzia kichwani. Kijana mmoja alianza kucheka. Hakuna aliyemsaidia, akaacha. Baba alichota ule unga kiganjani, akauvunja kwa vidole, akautazama muda mrefu.

"Limeoza," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Limeoza lote ndani. Tungeongeza maji leo, lingekatika."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Mzee Martin. "Panda juu, Sirili. Usipate baridi bure."

Baba alipanda. Alisimama mbele ya Mzee Martin akitiririka maji, na kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu akitafuta maneno.

"Mzee," alisema mwisho, "nina mringaringa kihambani kwangu. Nilikuwa naulea kwa ajili ya milango ya nyumba ninayojenga. Tukaukate."

"Na milango?"

"Nyumba itangoja. Maji hayangoji."

"Aika, mwanangu," Mzee Martin alimshukuru. Akawageukia watu. "Haya! Mmekuja kufanya kazi au kutazama sinema? Twendeni!"

Siku ile waliliondoa gogo bovu, wakaukata mringaringa wa baba na kuukokota kwa kamba hadi korongoni, watu wa koo zote wakiimba. Kwa muda walipasua migomba katikati, wakaiunganisha, maji yakavukia humo. Hakuna jiwe hata moja la ukutani lililoguswa.

Jioni nilirudi nyumbani nyuma ya baba. Nilitegemea kiboko. Tulipofika mlangoni akageuka.

"Nilitaka kosa liwe la kwao," alisema. "Wewe uliniandikia nilichotaka kusikia. Hilo tumelifanya wote wawili. Lakini uongo wa daftari ni wako, na Jumatatu utakwenda kwa mwalimu mwenyewe. Sikusindikizi."

Jumatatu nilikwenda. Mwalimu Eliufoo hakugomba, na afadhali angegomba.

"Nilikuuliza mara mbili," alisema. "Nilikuwa nakwenda kusimama mbele ya wataalamu na kuwaambia kitabu chao kimekosea. Daftari lako haliendi Moshi, Mektrida. La Primus ndilo litakalokwenda."

"Ndiyo, mwalimu." Nililia, lakini sikubisha. Ilikuwa haki.

"Sasa kaa hapo. Andika upya ukurasa ule, kwa vipimo ulivyoviona."

Niliandika thelathini na moja mara nne. Mwalimu alisoma, akachukua gundi, akaubandika ukurasa ule ukutani darasani.

"Darasa, tazameni," alisema. "Kitu kimoja kilikua milimita thelathini na mbili kwa wiki tatu kwa sababu kilikuwa kinakula mti. Kingine hakikusogea, kwa sababu hakina haraka na hakimli mtu. Kama Mektrida angeziacha hizi thelathini na moja nne zilivyo, tungejua tangu Ijumaa ile kwamba ukuta ni mzima. Kutosogea nako ni jibu, mradi umelipima."

Wiki tatu baadaye mafundi wawili walimaliza kuchonga gogo jipya. Primus alikuwa amerudi kutoka Moshi na cheti cha nafasi ya tatu, akakileta ili nikishike. Nilikishika, nikampongeza, na roho iliniuma kidogo tu. Watu wote wa mfongo walikusanyika korongoni. Desturi ni kwamba maji ya kwanza hufunguliwa na mzee wa mfongo kwa jembe lake. Mzee Martin alilishika jembe, akaniita nisogee karibu.

"Sikieni, hasa nyinyi watoto," alisema. "Huyu binti alitudanganya, na nusura avunjishe ukuta mzima na kuacha gogo bovu. Hilo ni kosa, na lisirudiwe na mtu. Lakini alipoona linakokwenda, alisimama mbele yetu na sale mkononi akasema kweli. Kweli hiyo ilimnyima Moshi na ikamwaibisha baba yake hadharani, naye aliyajua yote hayo kabla hajafungua mdomo. Sisi wazee tunawapeleka shule ili tuone kwa macho yenu. Mkipima, andikeni mlichokiona, hata kama hakipendezi, hata kama baba yako hakitaki. Sisi tunakula kwa hicho mlichoandika."

Kisha akanipa jembe.

"Babu, mimi?"

"Kwani nimemwita nani? Fungua maji."

Hakuna mtoto aliyewahi kufungua maji ya kwanza ya mfongo wetu, tena msichana! Nilisikia minong'ono. Nikainua jembe, nikaondoa udongo mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu maji yakanipita miguuni kwa kasi. Yalipita ukuta wa baba yake Mzee Martin, yakaingia kwenye gogo jeupe la baba yangu, yakavuka korongo bila kudondosha hata tone, yakashuka kwenda kwa watu wa chini. Akina mama walipiga vigelegele.

Mwanamume mmoja wa vihamba vya chini, ambaye hakuwepo siku ya msaragambo, alimgusa baba begani.

"Mtoto wa nani yule aliyefungua?"

Baba alivuta pumzi, akanyanyua shingo.

"Wangu," alijibu, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya korongo. "Mektrida Sirili. Ni wangu!"